Rangi ya Koleo

Mkanda wa msumeno wa Joakim Jilala ulikatika Jumatatu asubuhi, na harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Hakuwa na mkanda mwingine. Dutwa nzima haikuwa na mkanda mwingine, na Bariadi vilevile.

Ulikatika kwa mlio mmoja mkavu, kama fimbo kwenye mgongo wa maksai mkaidi, ukajikunjua na kuanguka chini ukicheza. Joakim aliruka nyuma hatua mbili akasimama hapo hapo, mikono juu, mpaka alipohakikisha kwa masikio kwamba kinachozunguka ni magurudumu matupu.

"Mayala! Zima injini!"

Injini ilikohoa ikanyamaza. Mayala alikuwa mdogo wake Nyanjige, mke wa Joakim. Yeye alikuwa na mashine ya kusaga, Joakim alikuwa na msumeno, na vyote viwili viliendeshwa na injini moja ya dizeli iliyokaa katikati, kila kibanda upande wake, ukuta wa tofali mbichi ukiwatenganisha.

"Shemeji, umeua nini huko?" Mayala aliuliza kutoka upande wa pili.

"Mkanda."

"Poleni na msiba. Mzike vizuri, sisi huku tuna mahindi ya watu."

Kinamama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakacheka. Joakim hakucheka. Alipiga magoti akaupapasa mkanda ardhini mpaka akazikuta ncha mbili, akazishika kila moja kwa mkono wake, akakaa nazo kama mtu aliyepewa barua mbaya.

Msumeno wenyewe ulikuwa dude la chuma refu kuliko mtu, gurudumu moja juu na jingine chini, na ule mkanda wa chuma wenye meno ukizunguka kwenye magurudumu hayo kama mnyororo wa baiskeli. Ulikuwa wa karakana ya ushirika, ambako Joakim alifanya kazi miaka kumi na tisa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao, ushirika ukayumba na karakana ikafungwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mabati, baiskeli, na mmoja akaoa mke wa pili. Joakim alinunua msumeno.

Na kweli, siku hizo madukani kila kitu kilikuwepo. Redio zilikuwepo, mitumba ilikuwepo, magodoro ya sponji yalipangwa nje mpaka barabarani. Lakini mkanda wa urefu ule haukuwepo. Mwaka uliotangulia Mayala alikwenda Mwanza kutafuta vipuri vya injini, akapewa na kamba yenye urefu wa mkanda akaulizie. Mwenye duka aliinyoosha kamba mezani, akaitazama kwa huruma, akasema mashine ya namna hiyo hata walioitengeneza wameisahau. Kuagiza ni miezi mitatu. Akarudi na kamba yake.

Kilichobaki kukatwa ni ubao wa kichwani wa kitanda. Miguu ilikuwa tayari, mbavu tayari, chaga tayari. Elizabeth, binti wa kwanza, aliolewa na kitanda kilichotengenezwa na baba yake, na Gloria, wa pili, hivyo hivyo. Ubao wa kichwani ulikuwa wa mninga, umekatwa juu kwa mawimbi matatu. Siku kitanda cha Gloria kinapakiwa kwenye gari, Jenifer, kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipitisha kidole juu ya mawimbi yale, akauliza, "Baba, na changu?"

"Chako kitakuwa na manne," Joakim akamwambia.

Wiki ile ile alichonga kibao cha mfano chenye mawimbi manne akakitundika ukutani. Kilikaa pale miaka saba, kikishika vumbi la mbao, kikimngoja mwenyewe.

Sasa lipo jambo ambalo Joakim hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari wa macho aliyepita misheni alimwangalia kwa kitochi kidogo akasema ni mshipa wa nyuma, dawa hakuna, na kwamba ataendelea kuona umbo la vitu kwa muda, mwaka au miaka miwili. Rangi ndizo zilizotangulia kuondoka, na nyekundu ndiyo iliyoaga kwanza. Karatasi ya daktari aliikunja mara nne akaichomeka kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya kile kibao cha mfano.

Kazi aliendelea nayo kwa hila. Alipigilia kigingi kifupi kwenye meza ya msumeno, sambamba na mkanda. Kibao cha mfano alikifunga chini ya ubao, kisha akausukuma ubao huku kibao kikisugua kigingi. Mashine ikakata sawasawa na mfano bila mtu kuhitaji kuona mstari. Kwa msumeno wa mkono asingeweza, mstari wa penseli alikuwa haoni tena. Ndiyo maana mkanda ule haukuwa chuma tu kwake. Ukifa, na ufundi wake umekwenda nao.

Kuunga mkanda alijua. Fundi wa kuchomelea Bariadi angeuchoma ukawa mgumu kama kioo, ukavunjika mzunguko wa kwanza. Njia ya Joakim ilikuwa ya zamani. Ncha mbili zinapigwa tupa mshazari mpaka zinakuwa nyembamba, zinalaliana kama mikono ya mtu anayeomba. Katikati unaweka boraksi, ule unga mweupe, na kipande cha madini ya fedha chembamba kama jani. Kisha unapasha koleo nene kwenye makaa, ukifika wakati wake unabana nalo kiungo. Joto la koleo linayeyusha fedha, fedha inashika. Kazi ya tupa, kazi ya kulinganisha meno, zote hizo vidole vinaweza. Kitu kimoja vidole haviwezi, nacho ni kujua rangi ya koleo. Likiwa halijaiva, fedha haiyeyuki. Likipita, chuma kinaungua. Babu yake, mzee Nyanda, mhunzi wa majembe, alimfundisha: toa koleo likifika rangi ya upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, si kabla, si baada.

Na babu huyo huyo alimwachia mwiko. Mwanamke haangalii moto wa koleo. Akiuangalia, kiungo hakishiki. Ikitokea ameuangalia, mbuzi jike achinjwe na mafuta yake yadondoshwe kwenye makaa, la sivyo moto huo hautafanya tena kazi mikononi mwa mwenyewe. Joakim alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa na kufunga ndoa altareni, lakini miaka ishirini na minane ya ndoa Nyanjige hakuwahi kuvuka kizingiti cha kibanda makaa yakiwa yamewashwa. Mambo ya padri yalikuwa ya padri, mambo ya moto yalikuwa ya babu.

Jumatatu mchana aliufunga mlango na dirisha, maana mwanga wa jua huficha rangi ya moto, ingawa kwake yeye hilo halikuwa na maana tena. Alizungusha feni ya makaa, iliyotengenezwa kwa gurudumu la baiskeli, akihesabu mizunguko. Mia mbili. Akatoa koleo akabana. Kiungo kilionekana kizuri kwa vidole. Alipouvisha mkanda kwenye magurudumu na kukaza skrubu, kiungo kiliachia polepole kama gundi iliyolowa. Koleo halikuwa limeiva.

Jumanne alikata ncha akaanza upya. Alizungusha mizunguko mia tatu. Hakujua kwamba gunia la mkaa alilofungua asubuhi ile lilikuwa la mgunga, mkaa mkali kuliko wa jana. Mkanda ulizunguka robo saa, ukavunjika kando ya kiungo. Palipovunjika alipagusa akakuta punje punje, kama chumvi. Chuma kimeungua.

Mkanda unapokatwa unafupika. Gurudumu la juu lilikuwa na skrubu ya kulishusha ili mkanda mfupi uingie, na skrubu hiyo ilikuwa na inchi tatu na nusu za kuchezea. Kiungo cha kwanza kilikula inchi moja. Cha pili, kwa sababu ya kuondoa sehemu iliyoungua, kilikula moja na nusu. Ilibaki inchi moja, yaani kiungo kimoja. Na fedha ya kuungia, ile fimbo ndogo aliyotoka nayo karakanani, ilikuwa imekwisha.

Jumatano jioni Mayala alikuja kula. Jenifer aliwawekea ugali na sato wa Kalemela, akamnawisha mjomba wake, akaketi kando ya mama yake.

"Shemeji," Mayala akasema huku akimega tonge, "mimi nasema kitu kimoja. Bariadi kuna vitanda vimetoka Mwanza. Vina vioo kichwani. Unalala unajitazama."

"Nani anataka kujitazama amelala?" Nyanjige akauliza.

"Wewe hapana, dada. Ungeshtuka."

"Kula samaki wako uende."

"Baba," Jenifer akasema taratibu, "Yakobo amesema hata yeye anaweza kununua. Hata baada ya harusi. Mimi sina neno."

Yakobo, bwana harusi, alikuwa karani wa mnunuzi wa pamba huko Kiloleli, kijana mpole. Neno lake lilikuwa jema. Ndiyo maana lilimchoma Joakim zaidi.

"Yakobo alete ng'ombe tu, na ameshaleta," akasema. "Kitanda ni changu mimi." Akanyoosha mkono kuchukua bakuli la mchuzi akaligonga kwa kidole cha mwisho, likayumba. Nyanjige alilidaka kabla halijamwagika, akalisogeza kwenye kiganja cha mumewe kana kwamba ndivyo walivyokuwa wamekubaliana.

Mayala aliangalia bakuli, akaangalia dada yake, akaendelea kula.

Mayala alipoondoka na Jenifer akaenda kuosha vyombo, Nyanjige alivua herini yake ya kushoto. Herini zake zilikuwa za fedha halisi, nzito, zimetengenezwa na sonara wa Kihindi wa Mwanza. Joakim alimnunulia mwaka aliozaliwa Elizabeth. Nyanjige akamwekea mumewe kiganjani.

"Nini hii?"

"Fedha yako imekwisha. Nimekusikia unakung'uta kopo."

"Mama Elizabeth, chukua herini yako."

"Moja inatosha? Au uchukue zote?"

"Nimesema chukua."

"Na mimi nimesema inatosha?"

Joakim aliigeuzageuza ile herini. Uzito wake aliujua. "Moja inatosha," akasema. "Inazidi. Lakini shida si fedha."

"Najua."

"Hujui."

"Shida ni rangi ya koleo," Nyanjige akasema. "Huioni."

Joakim alitaka kukasirika. Alitafuta hasira mahali inapokaa siku zote akakuta hapana kitu. Nyanjige aliendelea kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha.

"Tupa zako nimezifunga vitambaa vya khanga kwenye mipini. Nyembamba fundo moja, nene mafundo mawili, ya duara mafundo matatu. Uliniuliza kwa nini. Nikakuambia ni urembo."

"Nikakuambia karakana si jikoni."

"Ukaniambia hivyo. Lakini hujawahi kuchukua tupa isiyo yake tangu siku hiyo."

Joakim alifumba kiganja juu ya herini. Kweli hajawahi. Alidhani ni mikono yake.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipomsifu dada yangu kwa kitenge cha bluu msibani. Kilikuwa chekundu, baba. Alidhani unamtania." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kesho nitaingia nikutajie rangi."

"Kuna mwiko wa babu."

"Babu yako alikuwa anaona," Nyanjige akasema. "Na mwiko wake una mbuzi. Tunaye mbuzi."

Alhamisi mchana walijifungia kibandani. Nyanjige alisimama kizingitini kwanza, amevua kandambili kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Joakim alimwambia akae kwenye gogo, mkono wa kushoto wa makaa, asiguse kitu. Herini alikuwa ameshaipiga nyundo asubuhi mpaka ikawa jani. Ncha za mkanda zilikuwa zimelaliana, zimebanwa kwenye chuma chenye kona, meno yakifuatana vizuri. Alizipitia kwa ukucha mara tatu. Akanyunyiza boraksi, akaingiza jani la fedha, akalaza koleo kwenye makaa, akaanza kuzungusha gurudumu.

Kwa bahati mbaya, au nzuri, wakati huo huo upande wa pili Mayala alizima injini ili akaze kinu. Foleni ikakaa kimya, na ukuta wa tofali mbichi hauzuii neno.

"Sasa?" Joakim akauliza.

"Nyeusi."

"Sasa?"

"Nyeusi bado. Subiri. Inakuwa kama ini."

"Ini bichi au la kukaanga?"

"Bichi. Sasa ni damu. Damu ya mbuzi anapochinjwa, ile ya kwanza."

"Usimtaje mbuzi, atasikia." Alikuwa akizungusha, jasho linamtiririka. "Sasa?"

"Nyanya. Nyanya ya kuanza kuiva."

"Unajua upanga wa jogoo?"

"Jogoo yupi? Wetu au wa Mayala?"

"Kuna tofauti?"

"Wetu ni mwekundu. Wa Mayala amepauka kama mwenyewe."

"Nimesikia," Mayala akasema kutoka ng'ambo ya ukuta, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mkono wa Joakim ulisimama kwenye gurudumu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba wanamsikia. Mke wa Shija alikuwa pale, na Mhoja muuza maandazi, na nani na nani, na kila mmoja wao alikuwa na akili ya kujiuliza kwa nini fundi anaambiwa rangi ya moto ulio mbele ya macho yake. Angeweza kumwambia Nyanjige anong'one. Angeweza kumtoa nje, azungushe mizunguko mia mbili na hamsini, na kumwachia Mungu.

"Baba Elizabeth," Nyanjige akasema, "inarudi kuwa damu. Zungusha."

Akazungusha.

"Sema kwa sauti," akamwambia. "Feni inapiga kelele."

"Nyanya!" Nyanjige akasema kwa nguvu. "Nyanya mbivu. Inang'aa. Jogoo wa Mayala. Jogoo wa Mayala bado. Inakuja. Wetu! Jogoo wetu, sasa!"

Alitoa koleo, akalikwangua majivu kwa pigo moja, akabana kiungo. Moshi wa boraksi ulimpanda puani. Akashikilia. Upande wa pili hakuna aliyecheka wala kukohoa.

"Imemeta," Nyanjige akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Ukingoni. Kama maji yametoka."

"Hiyo ndiyo fedha. Koleo lina rangi gani?"

"Damu. Ini. Usiachie. Ini bado." Kisha, baada ya muda: "Nyeusi."

Aliachia. Wakakifunika kiungo kwa majivu ya moto kipoe polepole, maana chuma cha kupozwa haraka ni chuma cha kuvunjika. Wakakaa wote wawili kwenye gogo, magoti yamegusana, wakingoja. Miaka ishirini na minane, na ilikuwa mara ya kwanza kukaa pamoja mle ndani.

"Kumbe ni kuzuri," Nyanjige akasema akiangalia makaa. "Ulikuwa unanificha uzuri huu wote."

"Babu alikuwa anauficha."

Kilipopoa alikisawazisha kwa tupa ya fundo moja, kisha akaukunja mkanda kuzunguka kinu cha kutwangia ambacho Jenifer alikileta mlangoni. Kiungo kilifuata duara sawa na sehemu nyingine, hakikukataa, hakikupiga kona. Skrubu ya gurudumu aliishusha mpaka ikagoma. Nafasi ya ziada ilikuwa unywele tu, lakini mkanda uliingia.

"Mayala! Washa!"

Ubao ulikatwa kabla ya saa kumi. Kibao cha mfano kilisugua kigingi, wimbi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na Nyanjige alisimama mbele akiupokea ubao unapotoka. Kibao kiliposhushwa ukutani, ile karatasi ya daktari ilikuwa imedondoka sakafuni. Nyanjige aliiokota akaiweka kwenye makaa bila kuikunjua.

Ijumaa waliunga kitanda na kukipaka vanishi, na Jumamosi lori la pamba la bosi wa Yakobo lilipakia kitanda juu, kimefungwa mashuka. Kabla hakijafungwa, Jenifer alipitisha kidole kwenye ubao, akihesabu kwa sauti ili baba yake asikie. Alipomaliza alipiga goti kumuaga, na Joakim aliona weupe wa gauni, weupe mzuri usio na mipaka.

"Amependeza?" akamwuliza Nyanjige.

"Mno."

Aliinua mkono akamgusa sikio la kushoto. Lilikuwa tupu. La kulia lilikuwa na herini yake, na ndivyo Nyanjige alivyokwenda kanisani, mbele ya watu wote wa Kiloleli, bila kulifunika kwa kilemba.

Jumatatu alikuja Masalu, mtu aliyekuwa ameagiza milango miwili. Alisalimia vizuri, "Mwangaluka, bhabha," akauliza habari za harusi, akasifu chakula, kisha akasema amebadili mawazo, angependa kuchukua mbao zake. Joakim alimsaidia kuzifunga kwenye baiskeli.

Mkanda ulikula inchi tatu na nusu, hauwezi kuungwa tena. Mkaa, magunia mawili. Herini moja. Mbuzi mmoja jike, wa kahawia, aliyechinjwa kwa ajili ya ule mwiko, na alipopasuliwa alikutwa na mapacha tumboni. Na kati ya wateja kumi na mmoja waliokuwa na mbao zao kibandani, wanne walizichukua kabla ya mwezi kwisha. Walibaki saba.